Katikati ya Ufito

Keighley, Januari, saa moja asubuhi na bado ni usiku.
Mto Worth unapita nyuma ya karakana;
nausikia Umpleby anapozima feni.

Mezani pana ufito wa feleji,
mita moja na robo, unene wa kidole gumba changu,
utakaokuwa mhimili wa mtambo wa kufumia
katika kiwanda cha zamani cha sufu
ambako watoto wa shule huletwa
kutazama kelele walizofanyia kazi bibi zao.

Huu ni wa nne.
Tatu za kwanza niliziharibu mimi.

Ule wa kwanza niliubana kwa taya tatu huku,
nikautia ncha kule,
nikadhani kinachoshikwa miisho miwili kimeshikwa.
Kisu kikaenda kimya, kisha kikaguna,
na kilipofika kati kikapiga yowe
kama bati linaloburutwa juu ya saruji.
Nikapima. Mwanzo sawa, mwisho sawa,
katikati umevimba
kama nyoka aliyelala na panya tumboni.
Nikakilaumu kisu. Nikakinoa.
Ufito wa pili ukavimba palepale.

"Unakikimbia," alisema Umpleby,
kwa ile lafudhi yake inayomeza nusu ya kila neno.
"Pale kati hauna mtu. Ukisukumwa unapinda,
kisu kikishapita unarudi.
Hukukata ulichodhani umekata."

Akatoa kabatini pete ya chuma cha kalibu,
vidole vitatu vya shaba vimeelekea ndani,
na pakiti ya karatasi za sigara.
Aliacha kuvuta miaka kumi na tisa iliyopita;
karatasi bado ananunua.
"Vidole viguse tu. Karatasi ipite kwa shida.
Ikichanika, umezidisha."

Nilizidisha.
Moshi, harufu ya mafuta yaliyoungua,
mfereji wa buluu kuuzunguka ufito.
Tena joto likaurefusha, na kule kwenye ncha
hapakuwa na pa kurefukia,
ukapinda mbele ya macho yangu, polepole,
kama mtu anayeinama kutafuta kitu alichoangusha.

Kwetu Korogwe tuliambiwa chuma kipigwe kingali moto.
Hapa unalegeza ncha, unamwagia mafuta,
unakunywa chai mpaka ipoe na chuma kipoe,
ndipo upime.

Jumanne jioni nilimpeleka Tunu hospitali.
Wiki ya sita tangu afungwe vyuma pajani.
Philippa alimtembeza ukumbini
akimfuata hatua kwa hatua,
mikono miwili wazi kando ya kiuno, haimgusi.
Nikakadiria kwa macho ile nafasi.
Nilipokuja zamu yangu,
hatukufika hata dirishani.
"Mama, unanibana."

Basi leo pete naiweka katikati,
na nyuma ya kisu nafunga tegemeo la pili,
lile linalosafiri nacho:
kidole kimoja mgongoni, kimoja juu,
kila kisu kinaposogea, nalo linasogea.
Karatasi inapita kwa shida.
Napunguza mwendo. Nakata kidogo, kidogo kuliko subira yangu.
Kunyoa kote huku, na nyuzi zinazodondoka
ni nyembamba hata hazitoi sauti zikigusa sinia.

Kati kumezidi mia mbili za milimita.
Mia mbili, yaani sehemu mbili katika mia moja;
nywele ya Tunu ni nene kuliko hiyo.

Umpleby anauinua, anauzungusha chini ya taa.
Mahali pete ilipokaa pamebaki mkanda unaong'aa,
upana wa vidole viwili, tofauti na kwingine kote.
Nachukua msasa.
"Acha," anasema. "Hapo ndipo bearingi itakapokaa.
Hapataonekana."

Nje kumeanza kupambazuka, rangi ya maji ya sabuni.
Naufunga ufito kwa gazeti,
na kwa kuwa ni mrefu tunaubeba wawili,
yeye mbele, mimi nyuma,
na katikati unayumba.