Matope Gani, Orest?

Darcy Pelletier alichomeka sarafu ya dola mbili
katikati ya kashata za tairi la mbele, upande wa dereva.
Dubu mweupe wa kwenye sarafu alibaki juu, mkavu,
mpira haukumfika hata ukucha.
"Mzee Hrycay," akasema, "hivi ni vipara vilivyovaa kofia."

Nikambishia. Matairi haya niliyanunua juzijuzi tu.
Akapiga goti, akapangusa vumbi ubavuni,
akanisomea tarakimu nne: wiki ya thelathini na sita,
mwaka mjukuu wetu alipokuwa bado ananyonya.
Mjukuu huyo sasa ananiomba ufunguo.

Mpira ulikuwa na nyufa nyembamba,
kama mikono ya Verna mwezi wa Februari
akisahau mafuta.

Dukani kulinuka mpira mpya na kahawa iliyoungua.
La kwanza, la bei ya chini, laini kama sabuni ya hotelini.
Rahisi huzaa ghali; nikalipita.
La pili la barabara kuu, tulivu, la watu wa benki.
La tatu, ah, la tatu!
Meno kama ya trekta, mabega nje,
tairi la kuvuka bonde mto ukiwa umefurika,
la kubeba ngano, na ndama, na tela la mawe.
Nikasimama mbele yake kama kijana dansini
asiyejua mikono aiweke wapi.

Pikapu iko nje. Imekata kilomita laki nne na kumi na mbili.
Mlango wa kulia hufunguka kwa kubembelezwa.
Kutu imekula bodi juu ya gurudumu la nyuma,
unaweza kupitisha mkono ukamsalimia mtu.
Lakini injini! Baridi ya nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri,
inakohoa mara mbili tu
kama mtu anayeomba nafasi ya kusema.

"Yale," nikamwambia Darcy. "Manne."

Verna hakuinua macho kwenye sufi yake.
"Matope gani, Orest?"

Nikayatafuta matope.
Shamba tumewakodisha vijana wa Doerksen, mwaka wa nne huu.
Ng'ombe wa mwisho alipanda lori la watu
nami nikajifanya natafuta glavu.
Nikahesabu safari: posta. Duka la ushirika.
Kanisani, zile Jumapili padri anapofika.
Na kliniki ya macho, Yorkton, kila wiki ya tatu,
sindano moja, jicho la kushoto;
tunarudi giza limeshaingia, yeye ananiuliza
kama ile ni taa ya ghala au ni mwezi.
Lami tupu. Lami, na barafu juu yake.

"Lipo la nne," Darcy akasema polepole.
Tairi lenye alama ya mlima na chembe ya theluji,
mpira wake haugeuki jiwe baridi ikizidi.
Dhamana: kilomita laki moja.
Nikapiga hesabu. Kwa mwendo wetu, miaka kumi na minane.
Nina sabini na sita.
"Sitarudi kulalamika," nikasema.
Darcy alicheka. Verna hakucheka.

Mchagua jembe si mkulima.
Basi mimi si mkulima tena:
nimechagua tangu asubuhi.

Jeki ikashuka. Pikapu ikasimama juu kidogo
kuliko nilivyoizoea, ikiona haya,
kama mtu aliyeazimwa viatu vya harusi.
Darcy akafuta mikono.
"Iendeshe kilomita mia, kisha uilete nikaze nati tena."

Kilomita mia. Hatukuwa na pa kwenda.
Verna alishaubembeleza mlango, ukamfungukia.
Kwenye njia panda nikapunguza mwendo,
kulia ndiko nyumbani.

"Kushoto," akasema.

Na kushoto hakuna kitu,
ila uzio, na shule iliyofungwa, na uzio.
Nikakata kushoto.