Bado Kipo?

Vitu viko barazani tangu asubuhi:
feni yenye bawa moja lililopinda,
pasi ya mkaa, jogoo wake wa shaba hana kichwa,
televisheni ya kisogo ambayo Wandera
aliibeba begani kutoka Njeru, akavuka nayo daraja
akijivuna kuliko bwana harusi.
Na kitanda cha mtoto.
Hicho nimekirudisha nyuma ya mlango,
nimekifunika shuka.

Bando ni la siku moja. Chaji, robo.
Niuzie wapi?

Kundi letu la Walukuba lina watu mia mbili na kumi
na wote wanajua sufuria yangu imeinjika nini.
Nikiweka feni, Mama Kizito ataandika:
Kulikoni, jirani? Wandera hajatuma?
Hapo bei hupangwa na huruma,
na huruma hailipi hata nusu.
Watachukua kwa ahadi ya mwisho wa mwezi,
na mwezi wa Walukuba
hauna mwisho.

Kuna soko kubwa la Kampala, la mtandaoni,
linalotaka picha sita, upana kwa urefu,
mwaka wa kununuliwa, sababu ya kuuza.
Sababu ya kuuza!
Nikaandika: Nahama. Nikafuta.
Nikaandika: Watoto wamekua.
Nikafuta haraka, kama aliyeshikwa mkono.
Nikakaa na kile kisanduku kitupu
hadi kioo cha simu kikajizima chenyewe.

Kuna na wale wa usiku, wasio na sura,
wanaosema bei ya mwisho kabla ya hujambo.
Hao nikawaachia feni na televisheni.
Pasi nikaipeleka kwa wapenda vya kale wa Entebbe,
watu wanaonunua kutu kwa noti mpya;
ikaondoka siku ileile.
Kumbe jogoo asiye na kichwa
ana thamani kumshinda anayewika.

Kikabaki kitanda.
Nikakipeleka mbali, Kampala,
kwa jina lisilo langu.
Fimbo ya mbali haiui nyoka, najua.
Lakini mimi sikutaka kuua,
nilitaka nyoka atoke ndani bila kelele.
Sababu ya kuuza: nikaweka nukta moja.
Soko likaikubali.

Siku ya nne, mtu anayejiita Ua la Bondeni:
Bado kipo?
Kipo.
Kimechakaa?
Hakijalaliwa.

Akanyamaza. Vidoti vikacheza, vikasimama,
vikacheza tena.
Pole, akaandika. Halafu: Mimi pia niko Jinja.
Nitakuja mwenyewe, usiku. Usimwite bodaboda.
Nyumba ipi?

Nikamtumia: Walukuba, mstari wa sita, mlango wa kijani.

Ukutani, upande wa pili,
nikasikia kiti kikisukumwa,
na mtu akisema taratibu, Mungu wangu.

Kagoya. Wa ukuta mmoja.
Tunayeazimana chumvi, tunayegawana moto wa sigiri.
Alisimama mlangoni, leso ameifunga juu, kifuani,
kama anavyofunga tangu masika,
nami nilidhani ni baridi.
Watu mia mbili na kumi hawakujua.
Mara mbili huko nyuma walijua mapema mno,
wakampongeza, kisha wakampa pole,
kwenye kundi lilelile, kwa maua yaleyale.

Hakuna aliyetaja bei ya mwisho.
Aliweka noti mezani, sikuzihesabu.
Tukakibeba wawili, hatua kumi na mbili,
Kampala yote tukiwa tumeizunguka
kufika mlango wa pili.
Taa ya Mama Kizito ilipowaka tukasimama gizani,
kitanda katikati yetu,
tukizuia kicheko, au kingine kinachofanana nacho.

Tangazo sijalitoa.
Kila siku mtu wa mbali, Masaka, Mukono,
ananiuliza: Bado kipo?
Naweka kwanza sikio ukutani,
ndipo najibu.