Maji ya Saa Nane

Samaki mkunje angali mbichi, husema watu.
Huyu nimemkuta keshakauka,
mgumu kama mlango wa stoo,
mweupe wa chumvi hadi mkiani.
Abílio wa dukani kamkata kwa msumeno,
vumbi la chumvi likamrukia kwenye nyusi.
"Belmira alikuwa akichukua vipande vinene," kasema. "Na wewe?"
Nikajibu: vinene.
Sikujua kwamba kuna vyembamba.

Miaka arobaini na mitatu nimekula katika nyumba hii
bila kukiuliza kijiko kimetoka wapi.
Kazi yangu ilikuwa chuma.
Karakanani, kando ya mto Lima,
nilichomelea matumbo ya meli zilizokwenda
kumvua chewa huyuhuyu kwenye baridi ya kaskazini,
na kumlainisha sikujua.

Liliana kapiga simu kutoka Ufaransa:
"Tunakuja Jumapili, baba. Usihangaike, tutanunua piza."
Piza! Juu ya meza yako!
Nikamwambia nitapika.
Akanyamaza. Nikasikia friji yake ikinguruma huko aliko.

Zulmira akanifundisha kutoka roshani yake,
huku anaanika soksi:
"Mloweke siku mbili, ngozi juu.
Badilisha maji kila baada ya saa sita. Na usiku pia."
"Na usiku?"
"Kwani wewe ulidhani chumvi hulala?"

Basi Ijumaa, saa nane za usiku,
nikashuka ngazi peku.
Beseni lako la buluu, lenye ufa nilioahidi kuuziba
ukauziba mwenyewe kwa gundi ya viatu.
Maji yalikuwa na ukungu kama jicho la paka mzee.
Nikayamwaga. Nikafungua bomba.

Na sauti ile, Belmira,
sauti ile naijua.
Naijua kutoka kitandani, upande wa ukutani,
kila Krismasi ilipokaribia, kila ubatizo, kila msiba:
hatua zako, bomba, kimya, hatua,
kisha miguu yako ya baridi ikigusa yangu,
nami nikinung'unika usingizini,
nikidhani umekwenda kunywa maji.

Jumapili tukachemsha viazi na maganda yake.
Kila kimoja hupigwa ngumi,
si ngumi ya ugomvi, ya kukiamsha tu.
Ivo ana miaka sita. Hataki samaki, hataki zeituni,
ngumi alizitaka.
Akapiga viazi kumi na vinne, na meza mara mbili.
Vitunguu saumu nikavikata kwa kisu cha kukatia nyaya.
Mafuta nikamimina kama mtu ambaye halipi yeye.

Niseme kweli: chumvi ilikuwa bado imo.
Jumamosi mchana nilisinzia mbele ya televisheni,
zamu moja ya maji ikanipita,
na chumvi haikusamehe zamu hiyo.
Liliana alikula. Akanywa bilauri tatu.
"Nyama yake imeachana vizuri," akasema,
na hilo halikuwa la kunibembeleza:
iliachana kweli, kama kurasa za daftari lililolowa.
Kisha akaenda jikoni kuleta mkate
akakawia,
na mkate ulikuwa mezani.

Wameondoka jana na masalio ndani ya kopo la aiskrimu.
Usiku huu nimeamka bila saa kulia.
Saa nane. Beseni limefudikizwa, kavu, halina analolinda.
Nimefungua bomba hata hivyo,
nikanywa bilauri moja, nimesimama, taa sijaiwasha.

Halafu nimepanda ngazi,
nikaingiza miguu yangu ya baridi upande wako.
Hakuna aliyenung'unika.