Risiti za Baba

Siku ya arobaini ilipopita, Boakye akaja na panga jipya,
mpini ungali na karatasi ya dukani.
Mtoto wa shangazi. Bibi ni wetu sote,
ila damu yake ilipita kwa shangazi ikaendelea,
kwa baba ilifika ikakoma.
Huku Ahafo ardhi huifuata damu hiyo.
Mimi ni wa kwa mama,
mgeni katika kakao niliyoipalilia.

Baba alilijua hilo tangu natambaa.
Kila msimu, karani akishapima magunia
(akipunja, baba akitazama pembeni),
pesa zilikwenda shuleni moja kwa moja,
hata chumvi hajanunua.
Akarudi na risiti, akaikunja mara nne,
akaitia katika kopo la maziwa ya unga.
"Shamba lako hili. Hana mpwa atakayelidai."
Nilicheka. Nilikuwa na miaka tisa
na viatu vyangu vya kwanza.

Boakye hakupelekwa.
"Ada ya nini?" baba yake alisema.
"Mjomba wake ana ekari kumi na moja."

Basi tulipofika mpakani alitoa hati mfukoni,
imelainika kama kitambaa cha jasho,
akaninyooshea huku anatazama miti.
"Nisomee, Agyeiwaa."

Kutoka mvule uliopigwa radi
hadi kijitoni,
na kufuata kijito mpaka...

Hapo nikanyamaza.
Kabla ya jiwe lenye ufa
kuna mikakao mitatu ya mkono wangu,
mbegu nilizozifyonza utamu nikazitema,
nikazifukia kwa kisigino, mchezo wa mtoto.
Sasa inazaa hadi kwenye shina.
Neno moja tu, *mti* badala ya *jiwe*,
na nani angejua?
Majani makavu chini yalilia kama maganda ya mayai.
Alikuwa anahamisha uzito, mguu huu, mguu huu,
anangoja.

"...mpaka jiwe lenye ufa."

Akaenda akaligusa jiwe, akarudi.
Kidole chake chenye tope kikatua juu ya jina la baba, Dwomoh.
"Na hii ya mwanzo? Inaitwaje?"
"De," nikasema. "Mgongo wima, tumbo mbele.
Kama mjomba wako."