Niliulizwa Habari za Povu

Likizo yangu ya siku kumi na nne
sikuipeleka Ukerewe kama kila mwaka.
Nilivunja kibubu, nikaongezea fedha ya upatu,
nikapanda ndege mbili mpaka Iskanderia,
mimi, msoma mita za maji wa Igogo na Mkuyuni,
niliyezoea kupanda mawe, si mawingu.

Mama alinisindikiza hadi getini, mkono kiunoni.
Hakuniagiza tende wala manukato.
"Miaka ishirini na mitatu," alisema,
"nafua mashuka ya gesti pale chini ya mawe.
Povu linapita kwenye magugu maji, linaondoka,
sijawahi kuona linakoishia.
Kama ni kweli maji haya huenda Misri,
kaniangalizie."

Iskanderia ni mji mrefu, mwembamba,
umejibana kando ya bahari
kama mtu aliyelalia ukingo wa kitanda.
Nilitembea barabara ya ufukweni, upepo ukinivua mtandio.
Paka wamelala juu ya magari, wamenona, hawamwogopi mtu.
Penye ngome, muuza mahindi ya kuchoma
alinieleza kwa vidole na Kiarabu nilichokidaka nusu:
palikuwa na mnara wa taa, mrefu, mrefu,
ardhi ikatikisika, mnara ukalala,
wakaokota mawe yake wakajenga hii.
Nikacheka, naye akacheka bila kujua sababu.
Kwetu jiwe halihami.
Kwetu nyumba ndiyo huomba nafasi kwa jiwe.

Niliteremka ngazi, nikachota kiganja, nikaonja.
Kali! Nikatema.
Kisha nikaona haya,
kama mgeni aliyetema chakula mbele ya mwenyeji.

Povu lilikuwepo, Mama.
Lilikuja safu kwa safu, likapasukia vidoleni mwangu.
Lakini ningeapaje kwamba ni lako?

Usiku wa nne bomba la bafuni lilianza kuvuja.
Kazi haijui likizo: nikapiga magoti,
nikahesabu matone, arobaini kwa dakika,
nikakaza nati kwa mpini wa kijiko.
Halafu nikashuka mapokezi kuuliza
maji haya mnayatoa wapi.
"Naili," kijana alisema,
kwa sauti ya mtu anayemtaja jirani. "Mfereji unayaleta."

Nikarudi chumbani, nikafua.
Kitenge, soksi, blauzi, hata vilivyokuwa safi,
kwa kipande cha sabuni ya mche nilichotoka nacho Kirumba.
Povu likanipanda mpaka viwikoni.
Saa saba za usiku, katika mji wa wafalme waliozama,
mimi nasuuza soksi na kulia kidogo,
sijui kwa nini.

Ofisini Mhandisi Lugwisha alinisikiliza,
akavua miwani, akaifuta.
"Kitaalamu," alisema, "mengi yale ni maji ya Uhabeshi.
Yetu ni machache, na jua huyanywa njiani."
Nikamsogezea tende. Akala tatu, hakuongeza neno.

Mama nilimkuta akianua.
Nikamwambia yote: paka, mnara,
chumvi, hata Uhabeshi, maana sikutaka kumdanganya.
Aliuma kibanio cha nguo, akafikiri.

"Hayo ya bombani," aliuliza, "yanakubali sabuni?"
"Yanakubali."
"Povu linasimama?"
"Linasimama, Mama. Mpaka hapa."
Akanitazama viwiko
kama fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi.

"Haya, shika huko," alisema,
akanitupia ncha mbili za shuka,
nikarudi nyuma hatua nne, tukalivuta,
matone machache yakaruka
yakaanguka juu ya jiwe.