Saa Mbili ya Nani

Swichi elfu nne mia tatu na kumi na sita.
Nilizihesabu mwenyewe, ghorofa ya tatu, Kijitonyama,
feni ikikata joto vipande vipande.
Kila moja ina jina, ina thamani, ina sababu
ambayo aliyeiandika ameondoka nayo.

Faili la kwanza linasema: fungua valvu ya Kimara, saa 2.
La pili, ndani kabisa, kabati ndani ya kabati:
saa zote zihesabiwe tangu saa sita usiku.
Soma hili peke yake, ni kweli.
Soma lile peke yake, ni kweli.
Hakuna herufi nyekundu. Mashine haikupiga hata chafya.

Na kwa wiki tano maji ya Kimara
yalipanda mlima saa nane usiku,
yakajaza ndoo za ndotoni,
yakakatika kabla ya adhana.
Bi Sikudhani alipiga simu mara kumi na moja.
Tukamjibu: kwa mujibu wa mfumo, mama, maji yapo.
Akasema: basi mwambieni huyo Mfumo aje afue.

Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja.
Hapa walikaa. Miaka sita, wamegeuziana migongo,
hakuna aliyejua mwenzake yupo
hadi toleo jipya lilipobomoa ukuta wa kati.

Kuwatafuta si kuuliza swichi ipi mbaya.
Unauliza: wewe ukisimama, nani lazima akae?
Ukiwashwa wewe, nani asiwashwe?
Jozi baada ya jozi, kama mshenga anayechunguza koo,
maana zote kwa pamoja hazijaribiki:
mpangilio mmoja kila sekunde,
na vitukuu vya Chande bado watakuwa kwenye kiti hiki,
wakilalamikia feni hiihii.

Saa nne usiku umeme ukarudi, printa ikakohoa,
Chande akagusa kioo kwa kidole chenye mafuta ya chipsi.
"Hii kaandika Nzowa. Mtu wa huku.
Kwake saa mbili ni chai na maandazi."
Na ile nyingine?
Kaandika mtu ambaye siku yake huanza gizani,
naye pia hakukosea.

Nilifuta 2, nikaandika 8.
Pembeni nikaacha neno kwa atakayekuja:
*Hii ni asubuhi. Jua limeshatoka. Usiirekebishe.*
Kisha nikaandika kanuni ndogo, mistari tisa,
ya kupiga kelele siku mafahali watakapoonana tena.

Kesho yake simu ya kumi na mbili.
"Yametoka," akasema Bi Sikudhani. "Saa mbili kamili."
Nami, mgonjwa wa kazi yangu, nikauliza:
saa mbili ya nani?

Kimya.
Kisha ndoo, ikiburutwa sakafuni
kuelekea bomba.