Legeza

Mji huu wa Leicester naujua kwa vyoo vyake.
Dereva mwingine atakutajia mitaa;
mimi nitakwambia kituo kipi cha mafuta hakikulazimishi kununua,
baa ipi Narborough Road mlango wake wa nyuma hauna komeo,
na kichaka kipi kando ya mfereji, Mungu anisamehe,
kinamficha mtu mzima saa tisa za usiku.

Miaka kumi na mmoja kwenye kiti cha teksi.
Kahawa ya kwanza alfajiri, ya pili stesheni,
ya tatu kwa sababu ya pili imeisha.
Mkojo naubana mpaka abiria ashuke,
na abiria ana mabegi,
na mama yake mzee wa kushikwa mkono.

Kisha likaja.
Kama nimekalia kokwa la moto, na kila niendapo nalo.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Sikujua walimaanisha nguoni kweli.

Nyumbani nilisema ni mgongo.
Mgongo ni ugonjwa wa heshima,
unatajika hata mbele ya wakwe.
Mwanaidi akaukanda miezi mitano kwa mafuta ya karafuu,
mgongo wa watu, usio na hatia.

Daktari Pillai alivaa glavu, nikageukia ukuta.
Palikuwa na picha ya ziwa lenye bata.
Bata walikuwa saba.
Baada ya vipimo akasema: si saratani,
ni tezi dume, imevimba, imechoka kukaliwa.
Dawa wiki sita.
Kokwa likabaki palepale.

Ndipo nikapelekwa kwa Gillian,
mama wa makamo, mikono baridi, sauti ya mwalimu wa chekechea.
Akanilaza, akaweka kiganja chini ya kitovu.
Legeza, akasema.
Nimelegeza, nikamjibu.
Hujalegeza. Hujui hata kwamba umekaza.

Alisema kwa Kiingereza. Mimi nikasikia kwa Kiswahili,
na kwetu mwanamume kuambiwa amelegea ni tusi.
Nani aliwahi kuniomba jambo hilo?
Jandoni: jikaze.
Nimebeba jeneza la baba: jikaze.
Uwanja wa ndege, mama nyuma ya kioo: jikaze kisabuni, mwanangu.
Baridi ya kwanza, deni la kwanza,
yule mlevi aliyenitemea mate shingoni, nikasema asante, usiku mwema:
jikaze.
Mwili si mkaidi. Ulitii.
Ulijikaza hadi pasipoonekana,
ukasahau namna ya kuachia.

Sasa kahawa ni moja, nainywa kama mtu anayeaga.
Achari ya pilipili iko kwenye jokofu, tunatazamana tu.
Kila baada ya saa mbili naegesha gari, nazunguka Abbey Park,
napumua kwa tumbo kama mtoto mchanga.
Bata wa pale hawahesabiki.
Nimenunua mto wenye tundu katikati.
Abiria mmoja akauliza, ni wa mtoto?
Nikamwambia ndiyo, ana miaka arobaini na tisa.

Sitakudanganya kwamba nimepona.
Juzi barua ya mwenye nyumba ilifika, kodi imepanda,
na jioni hiyohiyo kokwa likabisha hodi.
Nililala sakafuni, miguu juu ya kitanda,
na hapo chini nikamwambia Mwanaidi:
si mgongo.
Akaendelea kukunja nguo.
Nilijua, akasema.
Mgongo hauamki mara sita kwenda msalani.
Nilikuwa nakusubiri.

Jumamosi kwa kinyozi nilimkuta Ngowi,
dereva wa malori, kifua kama kabati.
Alikuwa amekaa upande, nusu tako hewani.
Mgongo huu, alisema, mgongo utaniua.
Wenzetu wakacheka, wakamwambia ajikaze.
Nikangoja mashine izimwe.
Nikasogeza kiti.
Ngowi, nikamwuliza polepole,
jana usiku uliamka mara ngapi?